Kilichotoka Kirahisi

Daktari Mbithi alitoka katika chumba cha upasuaji akiwa amebeba beseni la bluu, la plastiki, aina ile ambayo watu hulowekea soksi. Ndani yake mlikuwa na kitu cha manjano kilichochanganyika na damu na ute, vipande vikubwa kwa vidogo, vikilaliana kama mafuta yaliyokwanguliwa sufuriani. Alilitua juu ya meza ya mapokezi, karibu na kikombe cha chai cha mtu.

"Hii ndiyo ilikuwa inamsumbua mama," alisema. "Mafuta tu. Imetoka rahisi, hata saa moja haijaisha. Nimepasua kidogo sana. Hata kovu hamtaliona."

Were, mume wa mgonjwa, alisimama, akatazama mara moja, akageukia ukuta. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la nyama. Kila asubuhi alipakia ng'ombe waliochunwa kwenye machinjio ya Dagoretti akawasambaza kwenye bucha za mjini, na damu ilipomrukia shatini aliipangusa kwa kiganja akaendelea kutafuna mandazi yake. Lakini kilichokuwa katika beseni lile kilikuwa kimetoka kwa Nasimiyu. Akatoka mbio, akashuka ngazi, akatapika kando ya mtaro.

Kaka yake mkubwa, Obuya, hakutoka. Obuya alikuwa shemasi katika kanisa lao la Uthiru, mtu wa suti ya kahawia na sauti ya kipaza hata pasipo kipaza. Alichomoa simu mfukoni.

"Inua kidogo, daktari. Mwangaza si poa hapo."

Daktari akainua beseni. Akatabasamu pia, maana aliona kamera inamfikia.

"Wapendwa, oneni wenyewe," Obuya aliiambia simu. "Hiki kilikuwa ndani ya mke wa ndugu yangu. Mungu amekitoa."

Nasimiyu mwenyewe alikuwa bado usingizini nyuma ya pazia, mdomo wazi. Hakuna aliyemwuliza.

*

Jumapili ya kwanza Nasimiyu alipoweza kukaa kitini bila kushika tumbo, walimpeleka kanisani kutoa shukrani. Alivaa gauni jipya la kitenge lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo. Hakujua kuhusu projekta hadi taa zilipozimwa.

Kwenye ukuta mweupe, juu ya vichwa vya wanakwaya, vitu vyake vya ndani vikatokea vikubwa kama godoro. Vilitikisika kila mkono wa daktari ulipotikisika. Waumini wakapiga makofi. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Mama, hiyo ni matumbo?" na watu wakacheka, wakamnyamazisha, wakacheka tena.

"Tulifunga, tukaomba," Obuya alisema akizunguka jukwaani. "Na daktari ameshuhudia kwa mdomo wake. Uvimbe ulikuwa umelegea! Ulitoka kama ndizi inavyotoka kwenye ganda! Sasa wewe unayebeba uvimbe wako kutoka hospitali hii hadi ile, unakimbilia nini?"

Nasimiyu alihisi kama amevuliwa nguo mbele ya watu wanaomfurahia. Hilo la kufurahia ndilo lililomziba mdomo. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Hawa walikuwa wakimkumbatia, wanawake wakimlilia begani, na pua zao zenye unyevu zikimgusa shingo. Alisema asante. Aliisema mara nyingi hadi neno likawa kama kamba iliyotafunwa.

Were aliangalia viatu vyake tangu mwanzo wa ibada hadi mwisho. Alikuwa ameanza kulala kwenye kochi la sebuleni tangu mkewe aruhusiwe kurudi, akisema anaogopa kumgonga kidonda. Kidonda kikapona, kovu likafifia, na Were akabaki kwenye kochi. Hawakulizungumzia jambo hilo. Binti yao Valarie, aliyefanya kazi katika duka la simu mjini, alizoea kuruka miguu ya babake kila asubuhi akielekea jikoni.

*

Mwaka uliofuata, mteja mmoja anayeitwa Ajwang alikuwa amekaa mbele ya Nasimiyu pale Kenyatta Market, akisukwa. Nasimiyu alikuwa msusi hodari, mwenye vidole vyepesi. Kila alipoinama kuanza msuko mpya, tumbo lake lilimsukuma Ajwang kisogoni. Ajwang akageuka, akalitazama, kisha akaweka kiganja juu yake bila kuomba ruhusa.

"Wee, Mama Valarie! Kumbe! Na hamkutuambia! Huyu ndiye kifunga mimba?"

Saluni nzima ikageuka. Mtu akapiga kigelegele. Mwingine akasema Baba Valarie bado yuko na nguvu, na vicheko vikachanganyika na moshi wa nyama choma uliokuwa ukiingia kutoka vibanda vya jirani.

"Asante," Nasimiyu alisema.

Hedhi yake ilikuwa imekoma zamani. Kwa wiki nyingi alikuwa akijiambia kwamba ni gesi, kwamba ni ugali wa jioni, kwamba ni umri. Lakini kiganja cha Ajwang kilikuwa kimegonga kitu kigumu, na yeye alikisikia kutoka ndani, upande wa kushoto, kikikataa kubonyea. Alimaliza kusuka. Alichoma ncha za rasta, akazitumbukiza katika maji moto, akampa mteja kioo. Kisha akaenda nyuma ya vibanda, akainama penye maji machafu ya mafuta na mifupa, akatapika kile kidogo alichokuwa amekula.

Jioni alimwita Valarie chumbani, akainua blauzi.

"Mamii," Valarie alisema, akaketi kitandani. "Hii imekuwa hivi tangu lini?"

"Babako asijue kwanza."

"Babangu hajakuangalia mwaka mzima. Atajuaje?"

*

Daktari Nzula wa hospitali kubwa ya rufaa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alinawa mikono kabla ya kumgusa Nasimiyu, akaipasha joto kwa kuisugua, akamwomba ruhusa. Nasimiyu nusura alie kwa sababu ya ile ruhusa tu. Siku picha za skani zilipokuwa tayari, daktari alimwita aje na mtu wake. Alikuja na Valarie.

"Hiki kiko nyuma kabisa," Nzula alisema, akionyesha kwa kalamu. "Nyuma ya matumbo, karibu na mgongo. Hii ni figo yako ya kushoto. Unaona vile imesukumwa? Na huu utumbo umekumbatiwa. Kile kilichotolewa mara ya kwanza, maabara walisema ni nini?"

"Hatukupewa majibu yoyote," Valarie alisema. "Daktari alisema ni mafuta."

Nzula aliweka kalamu chini. "Hakikupelekwa maabara?"

"Kilitoka rahisi," Nasimiyu alisema, kama mtu anayetetea wenzake. "Kama ndizi kwenye ganda."

Daktari alivua miwani, akaiacha ining'inie kwa uzi. Alikuwa akitafuta namna ya kusema bila kumtupia mgonjwa hasira isiyo yake.

"Mama, nahisi hii ni saratani inayoanzia kwenye mafuta yenyewe. Inaitwa sarkoma. Tutaingiza sindano kupitia mgongoni, tutoe kipande kidogo, tuhakikishe. Sasa nikueleze kuhusu hilo ganda. Uvimbe huu hujifanya una ganda. Daktari mwenye haraka akiufikia, huuchuna pale, nao hutoka vizuri sana, kila mtu anafurahi. Lakini ganda lenyewe ni ugonjwa, na limebaki ndani. Na ukiukatakata ili upite kwenye kitundu kidogo, unamwaga mbegu zake tumboni."

"Kwa hivyo kimerudi."

"Hakikuwa kimeondoka chote."

Valarie aliuliza kama hakuna dawa ya kukiyeyusha. Nzula akatikisa kichwa. Kwa aina hii, alisema, dawa za saratani hazifanyi kazi kubwa. Tiba ni kisu, na kisu chenye nafasi nzuri ni kile cha kwanza. Hicho kilikuwa kimeshapotezwa. Cha pili kilihitaji kupasua kutoka chini ya mbavu hadi chini ya kitovu na kutoa kila kitu kwa pamoja bila kukivunja: uvimbe, figo ya kushoto, kipande cha utumbo mpana, na misuli ya nyuma ambayo uvimbe umeilalia.

"Figo yangu ni mgonjwa?"

"Pengine ni nzima kabisa. Inatoka kwa sababu ya jirani yake. Tutapima kwanza kama ya kulia inaweza kufanya kazi peke yake."

"Na ukishatoa hivyo vyote, nitapona?"

"Utakuwa na nafasi ambayo sasa huna," Nzula alisema. "Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya. Nendeni kwa huyo daktari wa kwanza. Kama alihifadhi hata kipande, nakihitaji."

*

Kliniki ya Mbithi ilikuwa mjini, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri. Msichana wa mapokezi, Stacy, aliwaweka kwenye benchi hadi Nasimiyu akashindwa kukaa, akasimama akiegemea ukuta. Ukutani, televisheni ilikuwa ikionyesha matangazo ya kliniki. Baada ya mtoto anayechanjwa ikaja picha ya beseni la bluu, na chini yake nambari ya simu ya daktari.

Walimkuta Mbithi akila kuku na chipsi kwenye karatasi.

"Karibu, mama. Umenona!"

Valarie alieleza walichotaka. Daktari alilamba kidole gumba.

"Tulitupa. Hiyo ni takataka ya hospitali, haikai. Ilikuwa mafuta, mimi nimeona mafuta mengi."

"Ulisema ni mafuta kabla ya kupima?"

"Msichana, sikiza. Mlikuwa mnalia bei. Ningewaongezea za maabara mngelia zaidi." Alijipangusa kwa kitambaa cha karatasi, akazunguka meza, na kabla Nasimiyu hajasogea, vidole vile vyenye mafuta ya kuku vilikuwa chini ya blauzi yake vikibonyeza. "Ah, kimekua kingine. Hutokea. Huyo daktari wenu anataka kukutoa figo ya nini? Wanapenda kufundishia wanafunzi wao. Mimi nitafungua pale pale, nichomoe, uende nyumbani. Hata wiki ijayo."

Nasimiyu alimshika kifundo cha mkono, akauondoa mkono ule mwilini mwake kama mtu anavyotoa konokono ukutani.

"Utoe ile picha yangu pale nje," alisema.

"Picha haina jina lako. Na inasaidia watu."

"Si ni tumbo langu?"

"Ilikuwa yako," Mbithi alisema, akarudi kwa kuku wake.

Kwenye ngazi, Nasimiyu alijitazama. Pindoni, pale daktari alipoiinua, blauzi ilikuwa na alama ya vidole vinne, inayong'aa. Alivua mtandio akaufunga kiunoni kuificha, na walipofika Uthiru hakuifua. Aliitupa.

*

Majibu ya sindano yalipotoka, na jina lile la sarkoma likawa limethibitishwa, hapakuwa tena na namna ya kuficha. Were aliambiwa. Aliketi kwenye kochi lake akiwa na mikono kati ya magoti, akauliza, "Kwa nini hukuniambia?" Nasimiyu akaenda jikoni, na Were hakurudia swali. Badala yake alimwita Obuya.

Obuya alikuja amevaa ile suti. Alikunywa chai, akasifu chapati, akaomba waombe. Baadaye akasogeza kiti karibu na Nasimiyu.

"Shemeji, mimi siko na shida na hospitali. Lakini hii maneno ya figo tuiweke pole pole. Mungu alikupa mbili kwa sababu."

"Daktari amesema moja inatosha."

"Sawa. Lakini kuna kitu kingine." Alishusha sauti. "Sikukuu ya mavuno inakuja. Tumealika makanisa mengine. Ule ushuhuda wako, shemeji, umeleta watu. Kuna wagonjwa wamekuja kwa sababu yako. Sasa wakisikia kimerudi, tutawaambia nini? Uvae tu gauni pana. Mavuno yakishapita, unaenda operesheni yako kimya kimya, na mimi mwenyewe nitakuja kukuombea."

Valarie alitoa sauti ya mtu aliyemeza kitu kichungu. Nasimiyu alimtazama mumewe.

"Baba Valarie. Umesikia?"

Were alikohoa. "Ni wiki chache tu, si ndiyo? Kaka anajua mambo ya kanisa."

Nasimiyu aliwaangalia wote wawili, yule aliyetafuna chapati zake na yule aliyeangalia sakafu, na alichohisi hakikuwa hasira. Kilikuwa kinyaa, kama kile cha kufungua chombo cha chakula na kukuta ukungu. Akaondoa vikombe mezani, kimoja kikiwa bado na chai ya Obuya.

*

Jumapili ya mavuno hakuvaa gauni pana. Alivaa sketi na blauzi iliyombana, na tumbo likamtangulia mlangoni. Obuya alipomwona alimpungia mkono aketi nyuma. Wakati wa shuhuda ulipofika, Nasimiyu alipanda jukwaani kabla jina lake halijaitwa, akachukua kipaza kutoka kwa mwanakwaya.

"Mnanijua," alisema. "Mliona matumbo yangu kwa huo ukuta. Sina mimba. Kile kitu kimerudi. Ni saratani. Hakikutoka kwa maombi, na kutoka rahisi ndiko kulikoniharibia. Nitapasuliwa tena na nitatolewa figo. Mtu aliye na uvimbe aende hospitali, na aulize kama umepelekwa maabara."

Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji alikuja akakichukua kipaza kwa upole, akasema tumwombee dada yetu, imani yake inapigwa vita. Kwaya ikaanzishwa haraka, kila mtu kwa ufunguo wake. Wanawake waliomlilia begani mwaka jana walivuta mikoba yao karibu alipopita katikati ya viti.

Nje, penye ndizi na maboga ya mavuno, aliitwa kwa jina. Alikuwa Peres, muuza mboga aliyehamia kanisa lile miezi michache nyuma. Aliangalia nyuma yake, kisha akaupeleka mkono wa Nasimiyu kwenye titi lake la kulia, juu ya nguo. Pale palikuwa na kitu kama kokwa ya parachichi.

"Nilikuja kwa sababu ya ile video yako," Peres alisema. "Niliacha kliniki. Nimekuwa nikingoja kilegee."

Nasimiyu alisimama na mkono wake pale. Alikumbuka zile asante zote. Kila moja ilikuwa imemweka mwanamke huyu mahali anangoja.

"Kesho kutwa naenda kwa daktari wangu," alisema. "Tunaenda wote."

*

Upasuaji wa Nzula ulichukua siku karibu nzima. Walikuwa madaktari watatu, mmoja wa mishipa ya damu, mmoja wa figo. Hawakuchuna kitu. Walipita mbali na uvimbe, wakikata palipo pazima, wakaufunga utumbo juu na chini, wakafunga mshipa wa figo na kuukata, wakauinua mzigo wote ukiwa mmoja, umejifunika, bila kuuona ndani. Ulikwenda moja kwa moja kwenye chombo cha maabara, na kifuniko kikafungwa.

Were na Valarie walikuwa wamengoja kwenye korido. Nzula alitoka mikono mitupu, amechoka.

"Naweza kukiona?" Were aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza.

"Hapana," Nzula alisema. "Mwone mkeo."

Majibu yalipokuja, Nzula aliyasoma kando ya kitanda, pazia likiwa limefungwa. Uvimbe ulitoka mzima. Pande karibu zote zilikuwa safi, bila chembe za saratani ukingoni. Upande mmoja, uliogusana na mshipa mkubwa, usafi ulikuwa mwembamba kama karatasi, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kukata zaidi bila kumwua. Angefanyiwa skani mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka. Peres naye alikuwa ameshapangiwa matibabu, na chake kilikuwa bado hakijasafiri kwingine mwilini.

"Kwa hivyo amepona," Were alisema.

"Usimlazimishe daktari," Nasimiyu alisema kutoka kwenye mto.

*

Siku chache baada ya kurudi Uthiru, sehemu ya chini ya kidonda ilianza kuvimba na kutoa maji. Katika zahanati ya karibu, nesi Muthoni alikata nyuzi kadhaa, usaha ukatoka, akakiacha wazi. Alieleza kwamba kingeoshwa kila siku kwa maji ya chumvi na kujazwa gozi, ile bandeji laini ya wavu, hadi kijifunge kutoka ndani. Aliuliza ni nani angefanya hivyo nyumbani. Were alimtazama Valarie.

"Valarie anarudi kazini," Nasimiyu alisema. "Baba yake atafanya."

"Mimi?"

"Wewe."

Mchana ule Were alichemsha maji, akayatia chumvi, akaacha yapoe. Alivaa glavu. Alipiga magoti kando ya kitanda alichokihama mwaka mmoja na zaidi uliopita, akaondoa plasta polepole, akainua gozi ya juu. Ile ya ndani ilikuwa ya kijani na kahawia. Harufu ikapanda ikajaa chumba, tamu na nzito, na chini ya gozi palionekana shimo lenye kuta nyekundu, likipumua na pumzi za mkewe.

Were akaacha kila kitu, akatoka. Nasimiyu alimsikia akitapika kwenye sinki la nje, na jirani akiuliza kama yuko sawa. Akalala pale, tumbo wazi, akimfukuza nzi kwa mkono. Alisikia bomba likifunguliwa, kisha likifungwa. Alianza kufikiria jinsi atakavyolifikia bakuli la maji mwenyewe bila kukaa.

Mlango ukafunguliwa. Were aliingia na uso uliolowa maji, macho mekundu, amevaa glavu nyingine. Akapiga magoti tena.

"Kikoje?" Nasimiyu aliuliza. "Usinidanganye."

Alikitazama. Safari hii alikitazama muda mrefu, shimo lenyewe na kingo zake, kisha akamtazama usoni.

"Kinanuka, Mama Valarie," alisema. "Kinanuka vibaya sana."

Nasimiyu akaanza kucheka, akashika ubavu kwa maumivu, akashindwa kujizuia.

"Si hata mimi niko na pua?" alisema. "Osha."

Akaosha.